Macho ya Kungu

Katika ushairi wa mwambao, jicho zito ni jicho zuri. Malenga wa tangu na tangu wamelisifu jicho linalolegea, jicho la mtu aliyeamka usingizini hivi punde, na lugha yenyewe imeyawekea macho ya namna hiyo jina lao: macho ya kungu. Kungu inayotajwa hapo ni ile kungumanga inayokunwa ikatiwa katika uji au kahawa, nayo husemekana humlegeza mlaji viungo na kope pamoja. Bibi harusi akisifiwa kuwa ana macho ya kungu, hakuna amuulizaye alilala saa ngapi wala alikula nini. Sifa imetosha, na mambo yamekwisha.

Lakini sifa ni kama kanzu, ina kimo cha mwenyewe. Akiivaa asiyeshonewa, watu hucheka, au humshuku kuwa kaiiba. Hayo aliyajua kijana mmoja wa Ng'ambo, Unguja, alipokuwa na umri wa miaka 22. Kila asubuhi macho yake yalikuwa mazito, mekundu kwenye kingo, yamefura juu na chini kana kwamba usiku kucha alikuwa akilia. Hakuna aliyemtungia shairi.

Maradhi hayo yalimfika gizani. Kisiwa cha Unguja hutegemea umeme uletwao kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwezi wa Disemba 2009 umeme huo ulikatika, usirudi mpaka Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili katika muda mfupi, kwani mwaka 2008 kisiwa kilikuwa kimekwisha kukaa gizani karibu mwezi mzima. Wenye uwezo walinunua majenereta. Nyumba ya kijana huyu, aliyekuwa akiishi na mama yake, bibi yake na mdogo wake wa kike, ilirudia kibatari.

Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mtihani uko mbele yake, na tena alikuwa mpenzi wa mashairi. Kwa hivyo alisoma sana, na alisoma akiwa ameinamia moshi wa mafuta ya taa, huku dirishani ukiingia moshi mwengine wa jenereta la jirani. Macho yakimwasha, aliyafikicha. Yakizidi kumwasha, alizidi kuyafikicha.

Asubuhi moja ya Januari aliamka, akataka kufumbua macho, macho yakakataa. Nywele za kope zilikuwa zimegandana kwa matongo makavu. Alikwenda akipapasa ukuta mpaka kwenye ndoo ya maji, akajiosha, akazibandua kope kidogo kidogo. Katika kioo aliona uso asioujua. Kope zilikuwa zimejaa na kung'ara kwa uvimbe, na kwenye mashina ya nywele zake palikuwa na magamba madogo meupe. "Ni moshi huu," alisema moyoni. "Umeme ukirudi, nami nitapona."

Umeme ulirudi. Watoto walipiga kelele mitaani, mafriji yakaanza kunguruma, kibatari kikawekwa juu ya kabati. Macho yake hayakurudi.

Bibi yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika tiba. Bibi huyo alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Alishona tangu ujana wake, tundu baada ya tundu, na kwake yeye macho yalikuwa mali. "Mume wangu," alimwambia mjukuu wake kwa utani wa mabibi, "jicho haliachwi hivi hivi. Njoo." Alimkanda kwa chai ya rangi iliyopoa. Alimtilia marashi ya waridi. Alimtuma mdogo mtu kwa jirani aliyejifungua, akaombe maziwa ya kifua katika kijiko, na mwanamume mzima akalala chali akatiliwa riziki ya mtoto wa watu. Mwisho bibi alitoa kichupa chake cha wanja, akampaka kwenye kingo za kope, maana wazee wamepokea kwa wazee wao kwamba wanja hung'arisha macho na kuotesha nywele za kope. Siku ya pili kope ziliumuka kama maandazi.

Mapenzi ya bibi hayakuwa na kasoro, na si tiba zake zote zilizokuwa mbaya. Lakini wanja hukaa pale pale panapotakiwa pasafishwe, na baadhi ya wanja zinazouzwa madukani, zilipopimwa katika maabara za nchi mbalimbali, zimekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Maziwa nayo, hata yawe ya mama, huwa chakula cha vijidudu yakitiwa katika jicho lenye maradhi.

Kijana alipoona hivyo, alikwenda kimyakimya katika duka la dawa. Muuzaji alimtazama mara moja tu, akampa kichupa cha matone. Siku ya tatu macho yalikuwa meupe kama ya mtoto mchanga. Kwa muda wa wiki mbili alitembea uso juu, akasalimia watu kwa kuwatazama. Kichupa kilipomalizika, uvimbe ulirudi, na safari hii ulikuja na chokea mbili katika jicho la kulia. Akanunua kichupa cha pili, kisha cha tatu. Hakujua kuwa ndani ya matone yale mlikuwamo dawa ya jamii ya steroidi. Dawa hiyo huuzima uvimbe upesi, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu bila ya usimamizi wa daktari huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta glakoma, maradhi ambayo huula uoni taratibu, na ulioliwa haurudi.

Vichupa hivyo alivificha chini ya godoro. Hakutaka bibi yake ajue kuwa tiba zake zimeachwa.

Maumivu yenyewe yalikuwa yakivumilika. Kilichomchosha ni kutazamwa. Unguja ni mji wa mabaraza, na barazani uso wa mpita njia husomwa kabla ya salamu yake kuitikiwa. Asubuhi aliulizwa, "Vipi, umelia?" Adhuhuri aliulizwa, "Jana hukulala?" Jioni hakuulizwa kitu, na hilo ndilo lililokuwa zito zaidi. Miaka hiyo unga, yaani heroini, ulikuwa umekwisha kuingia katika mitaa mingi ya mji, na mama wengi walikuwa wamejifunza kuwaangalia watoto wao wa kiume machoni kabla ya kuwasikiliza vinywani. Kijana mwembamba, kope zimemwangukia, anafikicha macho na kukwepa mwanga: aliyetaka kusoma alisoma, na aliyesoma alidhani ameelewa.

Alikuwa na kikundi cha vijana wapenda ushairi, waliokutana kila usiku wa kuamkia Ijumaa kwenye ukumbi wa mzee mmoja, kila mtu akaja na tungo yake, wenzake wakamkosoa vina na mizani. Usiku mmoja alichelewa kuingia. Mmoja wao, mcheshi wa kikundi, akasema, "Mtazameni mwenzetu, leo kaja na macho ya kungu!" Wote wakacheka. Naye akacheka. Mzee mwenye nyumba hakucheka. Alimtazama kijana usoni, kisha macho ya mzee yakashuka taratibu mpaka kwenye mkoba wa kijana, yakatulia hapo.

Hakuna neno lililosemwa. Kijana alisoma beti zake mbili, akaaga, asirudi tena kwa miezi. Akanunua miwani ya jua, akawa anaivaa hata magharibi. Hakujua kuwa mtu avaaye miwani ya jua magharibi amejiongezea ushahidi.

Siku moja ya Agosti 2010 alirudi nyumbani, akakuta suruali zake zilizotundikwa kwenye msumari zinaning'inia mifuko nje, kama ndimi. Godoro lilikuwa limesogezwa. Sebuleni, juu ya meza, vichupa vitatu vilipangwa safu moja. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, ushungi wake umemfunika nusu ya uso, na kando yake amekaa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

Marahaba ilichelewa kuja.

"Kaa, mjomba," alisema kaka wa mama yake. "Hatukukuitia ubaya. Mama yako hana mwengine wa kiume ila wewe. Sema kweli, tukusaidie mapema. Hivi ni vitu gani?"

"Dawa ya macho, mjomba."

"Dawa ya macho huwekwa dirishani. Hii ilikuwa chini ya godoro."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli hakupata la kujibu. Alitaka kueleza habari ya kibatari, ya maziwa, ya wanja, ya wiki mbili za macho meupe. Koo ikamkaba, machozi yakamtoka. Kope zikazidi kuvimba, weupe wa macho ukazidi kuwa mwekundu. Kila alivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kufanana na kile alichoshukiwa nacho.

"Mwanangu," alisema mama yake, wala hakumwita kwa jina, "kama ni yale mambo ya vijana, niambie. Mimi nitakubeba. Lakini usinifiche."

Chumbani alikuwamo bibi, sindano mkononi, ametia uzi. Hakutoka. Sauti yake tu ndiyo iliyotoka: "Jicho haliulizwi mifukoni. Mpelekeni kwa daktari wa macho, akishasema yeye ndipo mseme nyinyi."

Walikwenda watatu, mama, bibi na kijana, wakakaa katika benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alimwekesha kijana kidevu juu ya kifaa, akamulika jicho kwa ufito mwembamba wa mwanga, akatazama kwa muda mrefu. Akavuta ukope wa chini, akaubinya ukingo wake kwa kijiti cha pamba, na pale palipotakiwa kutoka mafuta mepesi pakatoka kitu kizito cheupe, kama samli iliyoganda.

Mama alisogea, akauliza kwa kunong'ona, huku akijua kuwa mwanawe anasikia: "Daktari, si yale mambo ya unga haya?"

Daktari hakushangaa. Pengine hakuwa mama wa kwanza kumuuliza. "Mtu aliyekula unga, mboni zake husinywa zikawa kama tundu la sindano," alisema. "Mboni za mwanao hazina neno. Maradhi yake hayamo katika jicho, yamo katika ukingo wa ukope. Njoo utazame mwenyewe." Akainuka, akampisha mama kwenye kiti chake.

Mama aliinama kwenye darubini. Aliuona ukope wa mwanawe umekuwa mkubwa kama ukingo wa jahazi, nywele zake zimesimama kama miti ya boriti, na kila mti umezungukwa shinani na vumbi jeupe, mithili ya unga wa mchele. Alitazama kwa muda mrefu kuliko daktari. Alipoinua kichwa hakusema kitu, ila alivuta ushungi wake akajifuta macho.

Daktari akaeleza. Maradhi hayo madaktari huyaita blefaritisi, nayo ni uvimbe sugu wa kingo za kope. Katika kila ukope mna vitezi vidogo vilivyopangwa safu, 25 hadi 40 hivi katika ukope wa juu, na 20 hadi 30 katika wa chini. Vitezi hivyo hujulikana kwa jina la Heinrich Meibom, tabibu wa Ujerumani aliyevieleza mwaka 1666. Kazi yake ni kutoa mafuta membamba, na kila mtu anapopepesa kope, mafuta hayo hutandazwa juu ya machozi yasikauke upesi. Mafuta yakiwa mazito vitundu huziba, machozi hukauka kabla ya wakati, jicho huchoma na kuwasha. Bakteria wanaokaa juu ya ngozi ya kila mtu hupata nafasi ya kuzidi. Hupatikana pia wadudu wasioonekana kwa macho, wenye urefu wa kiasi cha sehemu tatu za kumi za milimita, wanaoishi kwenye mashina ya nywele za kope. Wengi wanao na hawawadhuru, lakini wakizidi huchochea uvimbe. Moshi wa kibatari haukuyaleta maradhi peke yake. Ulikuta kuni, ukatia moto. Na uvimbe ulikuwa mbaya zaidi asubuhi kwa sababu mtu akilala maji ya mwili hukusanyika usoni, na akila ng'onda na papa wa chumvi usiku, hukusanyika zaidi.

Aliviona vile vichupa vitatu, akavisoma, akapima presha ya macho ya kijana. Ilikuwa salama. "Umepona kwa bahati," alimwambia. "Vitupe. Na usinunue tena dawa ya macho bila ya kuandikiwa."

"Sasa itapona lini, daktari?" aliuliza mama.

"Haiponi, mama. Hutunzwa. Akiitunza itatulia, hata watu wasijue kuwa anayo. Akiiacha itarudi."

Mama alinyamaza. Kwa mtu aliyekuja akiogopa unga, habari hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mtu aliyetaka kuondoka na dawa ya siku saba, ilikuwa nzito. Bibi ndiye aliyeitikia, kana kwamba ameambiwa jambo analolijua tangu zamani. "Kofia nyeupe nayo ni hivyo hivyo," alisema. "Hufuliwa, ikatiwa wanga, ikavaliwa, ikachafuka, ikafuliwa tena. Hakuna anayeuliza kofia itamaliza lini kufuliwa."

Matunzo yenyewe yalikuwa mepesi kuyasema. Kitambaa safi kichovywe katika maji ya moto, kwa kiasi ambacho ngozi ya kiwiko inavumilia, kikamuliwe, kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, na kila kikipoa kichovywe tena, ili mafuta yaliyoganda yayeyuke. Kisha kwa kidole kilichooshwa ukope wa juu ukandwe taratibu kuelekea chini, na wa chini kuelekea juu, mafuta yatoke. Kisha pamba iliyotiwa maji yaliyochemshwa na matone machache ya shampuu ya watoto ipitishwe kwenye mashina ya nywele, magamba yaondoke. Asubuhi na usiku. Malhamu ya antibiotiki ipakwe kwenye kingo kwa wiki chache za mwanzo. Wanja hapana. Kufikicha hapana. Mto wa kulalia unyanyuliwe kidogo. Na asomapo akumbuke kupepesa, kwani mtu hupepesa kope kiasi cha mara 15 kwa dakika, lakini akizama katika kusoma husahau, machozi yakakauka. "Kila ukimaliza ukurasa, fumba macho kidogo," alisema daktari. Kijana alilipokea agizo hilo akaligeuza kwa kipimo chake, akawa anafumba macho kila mwisho wa ubeti.

Ugumu ulikuwa katika kuyatenda kila siku, siku ambazo macho yanauma na siku ambazo hayaumi. Wiki tatu za mwanzo hakuona tofauti, akakaribia kuacha. Ilikuwa karibu wiki ya sita alipoamka asubuhi moja, akafumbua macho, yakafumbuka tu. Alikaa kitandani akiyafumba na kuyafumbua kwa muda, kama mtoto anayechezea kitasa cha mlango mpya.

Alijifunza pia kwamba kutulia si kupona. Alipofanya mzaha siku nne, kwa sababu ya harusi au mtihani, siku ya tano kope zilimkumbusha. Mwishowe alizifunga kazi hizo kwenye alfajiri na isha, nyakati ambazo kwa vyovyote alikuwa akinyanyuka kutia udhu, na tangu hapo hakuhitaji kukumbushwa. Mtu aliyezoea kutunga hakuona ajabu kubwa katika hayo. Mizani ikitimia hakuna anayeisikia. Ikipungua mara moja, hata mtoto huguna. Macho yake nayo yakawa hivyo. Siku njema ni ile ambayo hakuna aliyeyasemea neno.

Mwezi wa Novemba alirudi kwenye ukumbi wa mzee, bila ya miwani. Kope zilikuwa zimejaa kidogo bado, na kingo zina wekundu. Kabla hajasoma tungo yake alisema, kwa maneno ya kawaida yasiyo na kina wala mizani, kwamba ana maradhi ya kope, kwamba hayaambukizi, hayaponi lakini yanatunzwa, na kwamba akionekana amelia basi hakulia. Pakawa kimya. Yule mcheshi aliinamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hicho kitambaa, maji yake yawe moto kiasi gani? Dada yangu huamka hivyo hivyo." Mwengine naye akauliza habari ya chokea zisizokwisha. Ikadhihirika kwamba katika watu tisa waliokaa pale, watatu walikuwa na jicho la kuuliza, lao au la mtu wao, na kila mmoja alikuwa amelificha kwa sababu yake. Mzee mwenye nyumba hakuomba radhi, wala wazee hawakuumbiwa kuomba radhi kwa vijana. Aliinuka, akamwonyesha kijana mahali pengine pa kukaa, upande usiopigwa na upepo wa feni. "Hapo hapatakukausha macho," alisema. "Haya, soma."

Nyumbani nako hakuna aliyezungumza tena habari ya mifuko. Zile suruali zilirudishwa msumarini zimepigwa pasi. Neno la kusamehewa halikusikika kinywani mwa mama, na kijana hakulingojea. Lakini tangu wiki ile ya hospitali, kila alfajiri alipofungua mlango wa chumba chake alikuta chini, upande wa kulia, chupa ya chai yenye maua mekundu imejaa maji ya moto, bakuli limefunikwa, na ndani ya bakuli vipande viwili vya kanga kuukuu vilivyokunjwa. Kanga hiyo aliijua. Ilikuwa ya mama, aliyokuwa akiipenda, na alikuwa ameikata kwa sababu kanga iliyofuliwa sana ndiyo laini kuliko vitambaa vyote.

Kijana huyo leo ni mwalimu, na chaki humkumbusha kila siku kwamba maradhi yake yangalipo. Humjia kwa misimu, zaidi kaskazi inapovuma kavu na vumbi likatanda, kisha hutulia. Ameandika mashairi mengi, na katika hayo hakuna hata moja linalosifu macho ya kungu, ingawa hana ugomvi na wanaoyasifu. Wanafunzi wake wanajua kwamba mwalimu hamwulizi mtu mbele ya wenzake kwa nini macho yake ni mekundu. Humngoja mpaka darasa litoke.

Mwaka 2012 mama yake alisafiri kwenda Pemba kwenye msiba wa jamaa, akakaa huko siku kumi. Alfajiri ya kwanza kijana aliamka mapema kuliko kawaida, kwa nia ya kuwasha seredani mwenyewe, maana hakutaka siku ipite. Alifungua mlango. Chupa ilikuwa chini, upande wa kulia, na bakuli limefunikwa. Mdogo wake wa kike alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini, kajifunika kanga, kope zake mwenyewe zimemwangukia kwa usingizi.

"Mama kapiga simu saa kumi," alisema yule msichana. "Kasema maji yasiwe moto sana."